Bwana Alinifungua Mdomo Mbele ya Sufuria

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wa benchi la mbele, asifiwe na wa benchi la nyuma, maana huko nyuma ndiko nilikokuwa nikijificha.

Mimi ni Eliya, mtoto wa Mama Eliya wa mapokezi hapa kanisani. Leo namtukuza Mungu aliyenitoa katika kifungo cha hofu. Sikuwa mlevi, sikuwa mwizi. Kifungo changu kilikuwa kichwani. Mtu akiniambia "tutaongea kesho", kabla kesho haijafika nilikuwa nimeshafukuzwa kazi, nimeshtakiwa na nimezikwa.

Nilipomaliza chuo kikuu nikapata kazi kampuni ya bima, hapa hapa Dodoma. Mnakumbuka mlivyonishangilia! Mama alileta shukrani, mkapiga vigelegele. Nikavaa tai. Nikawa naenda Mtumba na makabrasha kuwaeleza watumishi wa wizara majanga yote yanayoweza kuwapata. Ndugu zangu, mtu mwoga akilipwa kufikiria majanga, atapona lini? Barua pepe ya mistari mitatu niliisoma mara kumi na mbili kabla ya kuituma, na nikishaituma naifungua tena kuisoma.

Kitu kimoja tu kilinituliza: kupika. Nikishika kisu na kitunguu, kichwa kinanyamaza. Nililiombea jambo hili mwaka mzima, halafu nikaacha kazi na kujiunga na shule ndogo ya upishi wa Kifaransa pale Kizota, katikati ya mafundi wanaochomelea mageti. Mwalimu wetu, Shefu Renalda, ni Mtanzania aliyepika Ufaransa miaka mingi.

Mama alikaa chini kwanza. "Umesoma mpaka digrii, Eliya, uje umenye vitunguu vya Wafaransa?" Na rafiki yangu wa ofisini akaniuliza, "Kaka, sasa wewe utaoa au utaolewa?" Nilicheka, lakini liliniingia.

Shuleni, muhula wa kwanza ni wa majaribio. Asiyefaulu mtihani wa mchuzi anarudi nyumbani. Na mimi kazini nilishaaga!

Tukafika kwenye kuku wa kupikwa kwa mvinyo mwekundu. Ndugu zangu, mimi nimelelewa katika kanisa hili. Tone la pombe halijawahi kugusa ulimi wangu. Nilisimama mbele ya ile sufuria kichwa kikaanza. Nikionja, nimekunywa? Nikitema, nimeonja? Wanasema pombe inaisha motoni, lakini inaisha yote? Labda si Mungu aliyeniambia niache kazi, labda ni mimi mwenyewe!

Sikumuuliza mtu. Ninyi niliogopa mtasema nimerudi nyuma. Shefu niliogopa atanifukuza. Basi nikawa nagusisha kijiko kikavu mdomoni na kutikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Chumvi naweka kwa kukisia. Nilidanganya kwa kijiko, wiki tano!

Siku ya mtihani Shefu alionja mchuzi wangu, akafumba macho, akaomba maji.

"Eliya, umeonja hii?"

"Ndiyo, Shefu."

"Basi una ulimi wa mbao. Mpishi asiyeonja ni mpiga ramli tu. Ijumaa utarudia. Ukiniletea tena bahari, Jumatatu usije."

Darasa zima lilicheka. Nikatoka uani, nikasimama kando ya ukuta. Mafundi wa jirani walikuwa wanakata vyuma, kelele tupu, nikaomba kwa sauti na hakuna aliyenisikia ila Mungu. Sikuomba kufaulu. Nilisema, "Bwana, nimechoka kuogopa."

Sikuona maono. Sikusikia sauti. Ila nilijikuta miguu inarudi ndani kabla kichwa hakijamaliza kuhoji. Haleluya! Kwangu mimi huo ndio muujiza.

Nikasema, "Shefu, nilikudanganya. Sijawahi kuonja. Mimi nimeokoka, pombe siitumii, hata ya kwenye mchuzi. Kama hilo linanitoa hapa, nitoe leo."

Akaweka kisu chini. "Wiki tano unalamba kijiko kikavu?"

"Ndiyo."

"Na hukusema kwa nini?"

"Niliogopa."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Halafu akaniambia kuwa bibi mmoja aliyemfundisha kule Ufaransa alikuwa akikamua zabibu changa, zikiwa bado kali, anatia kwenye mchuzi pasipo mvinyo wowote. Ni upishi wao wa zamani kabisa. "Wewe uko Dodoma," akasema, "unakosaje zabibu?"

Kesho yake nikaenda upande wa Zuzu, kwenye shamba la mzee mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zabibu bado hizo. Rudi mwezi ujao."

"Nataka hizo hizo mbichi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mkeo ana mimba?"

"Sijaoa, mzee. Ni za mtihani."

Akanijazia ndoo huku anatikisa kichwa.

Ijumaa nikakamua, nikachuja, nikamimina kwenye supu ya mifupa iliyochemka ikapungua. Nikaonja! Jicho moja likajifunga kwa ukali. Nikaongeza vitunguu vilivyokaangwa taratibu, siagi, chumvi kidogo. Nikaonja tena. Nilionja kama mtu aliyetoka kwenye mfungo! Shefu akachukua kijiko chake, akaonja, akaonja tena. Zamani kungoja kule kungeniua. Nilisimama tu. Akachukua kipande cha mkate, akafuta sahani mpaka ikawa nyeupe.

"Jumatatu saa mbili," akasema. "Usichelewe."

Ndugu zangu, Bwana ni mwema! Jumapili ile nikampikia mama kuku wa mchuzi ule ule. Akasema, "Ana ukali kidogo huyu," akajipakulia tena. Hajaniuliza habari za bima tangu siku hiyo.

Sasa nimeshahitimu, na Shefu amenipa somo la mchuzi nilifundishe mwenyewe. Wiki ya kwanza wanafunzi wawili, dada mmoja Mwislamu na kaka mmoja mlokole, walinifuata pembeni. Walikuwa wamepanga kuacha shule kimyakimya, kwa sababu ya sufuria ile ile. Nikawapa zabibu changa. Wote wawili wapo mpaka sasa!

Sikwambii uache kazi yako. Hofu bado hunijia, ila haina tena amri juu yangu. Ninachokwambia ni hiki: mwambie Mungu ukweli, kisha mwambie yule anayehusika. Kama kuna neno umelibeba na hujamwambia mtu, mwamini Bwana, njoo hapa mbele tusimame pamoja. Usipange maneno. Mimi niliyapanga wiki tano, na yaliyonifungua hayakuzidi sentensi nne. Utukufu ni wa Bwana peke yake!