Onur Ameacha Kula Nami

Alasiri Kassala hukaa kama mtu aliyeamka nusu. Milima ya Taka imefifia kwenye vumbi, huwezi kusema iko karibu au mbali. Mama Sittana anakaanga buni kwenye kikaango chake kidogo, anaitwanga na tangawizi, na moshi ukishatupitia sisi wa kwenye benchi, hata ubishi tunabishana polepole. Wa benchi ni watatu. Yuko Redio, ambaye hazimiki. Yuko Daktari wa Punda, aliyewahi kumbebea mkoba mganga wa mifugo miaka miwili. Na mimi Okir, ninayelala chumba kimoja na Onur, mpakiaji mapera wa sokoni. Siku hiyo nilikuja na jambo moja tu: nihame au nisihame.

— Anakohoa, nikasema. Wiki ya tatu sasa. Shuka lake linalowa jasho. Jamani, mimi naogopa.

— Anakula? akauliza Daktari wa Punda.

— Anakula, ila si na mimi. Anachota maharage yake kwenye bakuli, anatoka uani, ananipa mgongo.

— Aa, huyo kanuna! Redio akajipiga paja. Mtu haachi sinia la mwenzake hivi hivi. Umemfanya nini?

Hata mimi ndivyo nilivyodhani. Kwetu mtu akiacha kula nawe sinia moja, amekasirika, na humuulizi. Unangoja mtu mzima aje awapatanishe. Tulikuwa tumegombania kitanda cha dirishani, nikajua ndiyo hayo, nami nikanuna. Siku kumi na sita hatujasemezana.

— Kununa hakumtoi mtu jasho, akasema Daktari. Hicho huenda ni kifua kikuu. Nimekiona mimi.

— Umekiona kwa nani?

— Kwa ng'ombe.

— Mwone! Okir, usimsikilize huyu, atakufungua mdomo akupime umri.

— Haya, wewe unasema nini?

— Mapera, akasema Redio. Kutwa anayavuta harufu. Kifua kimejaa utamu. Siku nyuki wakijua, mmekwisha.

— Nyuki tena!

— Basi ni mlima. Si kila Ijumaa anapanda kule chemchemini, analala kivulini? Kule kuna bibi mmoja hana mwili. Kampenda. Kile si kikohozi bwana, anamwita jina, ila koo la binadamu haliliwezi.

— Sasa Okir ataambukizwaje mapenzi ya mtu?

— Kwa ndoto! Vitanda vimekaribiana, ndoto inatoka kichwa hiki inaingia kile. Okir, juzi umeota nini?

Nikajikuta nimejibu.

— Maji. Mto Gash umefurika, umeingia chumbani taratibu, hauna hata kelele. Vitanda vinaelea. Onur yuko juu ya chake anakwenda zake, namnyooshea mkono simfikii.

Redio akanishika bega.

— Hama, akasema. Leo hii. Chukua godoro lako uje kwangu.

Nilifurahi, na nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi. Mama Sittana akaacha kupepea makaa.

— Onur alipita hapa jana asubuhi. Katoa mfukoni kikombe chake mwenyewe. Kaniambia, "Mama, nimiminie humu, vyako wanywee wenzangu. Na Okir usimwambie, ana woga yule, hatalala."

Bakuli, uani, mgongo: kumbe hakununa. Alikuwa ananikinga, nami siku kumi na sita nimemvimbia.

— Dawa zipo, akasema Daktari, safari hii bila kujisifu. Lakini apelekwe hospitali. Mtu wa hali ile hajipeleki.

— Au yule bibi ndiye kamkataza asiseme, akaanza tena Redio.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi dereva wa lori, mgeni, vumbi la njia ya Port Sudan bado liko kwenye kope zake. Alikuwa akingoja kahawa yake na kutusikiliza.

— Samahani ndugu zangu, akasema. Huyo mgonjwa wenu, leo kaenda kazini?

— Hakwenda, nikajibu. Asubuhi alijaribu kuinuka, akashindwa.

— Na sasa hivi yuko na nani?

Nikawapitia moyoni watu wote alionao Onur katika mji huu, nikampata mmoja tu, naye alikuwa amekaa kijiweni tangu adhuhuri, anakunywa kahawa.