Kiti cha Mbele cha Landrova

Kijiwe cha Birika pale Tunduma kilikuwa ubao mmoja mrefu, umelazwa juu ya madebe mawili ya petroli mbele ya duka la fundi cherehani. Kila lori lililopanda kutoka Rodesia lilikimwagia vumbi lake, kisha likaenda zake Mbeya. Mwenye kahawa alikuwa Damiano, aliyejifunza kuipika jeshini, na jina la chombo chake likamganda yeye mwenyewe. Wakulima wa Mbozi siku zile waliilima kahawa, wakaiuza, wakaenda kunywa togwa nyumbani kwao. Kwa hiyo waliokalia ubao ule walikuwa watu waliowahi kutembea, au waliotaka waonekane wamewahi kutembea. Wa kudumu walikuwa wawili. Gia Tatu, ambaye mama yake alimwita Nikodemo, alikuwa utingo wa malori tangu kabla ya vita. Usukani hajawahi kuushika hata siku moja, lakini habari za injini alizisema kama anasema habari za mkewe. Wa pili Timotheo, ambaye wote walimwita Kopabeti, kwa kuwa alirudi kutoka migodi ya shaba na suti moja, baiskeli moja, na Kibemba cha kumtosha mtu wa kijiweni. Asubuhi hiyo, kiangazi kikiwa mwishoni, Koplo alikuja kuwaomba ushauri. Na ukiomba ushauri kijiweni, ndugu yangu, andaa na mgongo wa kuubebea.

Koplo ndiye Hezron, Mndali wa milima ya Ileje, mzee wa makamo mwenye maneno machache. Cheo alikipata Burma akiendesha lori la jeshi kwenye tope. Alipokea kikombe chake, akakishika kwa viganja viwili, akaeleza shida yake taratibu. Kuna mzungu mmoja wa shamba la kahawa kule karibu na Mlowo, watu walimwita Bwana Miwani, anarudi kwao Ulaya na anauza vyombo vyake. Ana lori la tani tatu na ana Landrova. Mavuno ya Hezron, pamoja na alichotuma mwanawe Lwitiko kutoka migodini, yanatosha kununua moja, si yote mawili. Jibu linatakiwa leo, maana kesho mzungu anafunga mizigo.

Gari lenyewe alilitakia nini, hapo ndipo sauti ilipomshuka. Mke wa Lwitiko ni mjamzito. Atajifungua mvua zikiwa zimeshika kasi, na hospitali ya misheni iko huku chini tambarare. Mwaka uliopita walimteremsha kwa machela. Wabebaji waliteleza, wakapumzika, wakateleza tena, na Hezron akafuata mbali nyuma, kama mila inavyotaka, akisikia kilio kikipungua kila kona. Mama alipona. Mtoto walimzika kando ya njia.

— Sitaki kuiona tena machela, alisema. Nataka gari la kupanda kule kwetu mvua ikinyesha. Na mvua isiponyesha, lifanye kazi kama gari.

Waliweka vikombe chini, kwa heshima ya yule mtoto. Halafu Gia Tatu akakohoa, na kila mtu akajua heshima imekwisha.

Yeye alikuwa mtu wa lori. Lori, alieleza, halikai njaa. Litabeba kahawa ya kijiji kizima, litarudi na chumvi na mabati, Jumamosi litabeba harusi na Jumapili kwaya. Landrova ina tumbo la kuku, ukitia magunia matano imeshiba. Alipoona hawashtuki, akawaamuru wote wainuke kidogo na kuukalia ubao kwa kishindo, wasikie maana ya springi. Wakaukalia. Ubao ukaruka, kahawa ikamwagikia suruali ya Kopabeti, na Gia Tatu akasema hapo sasa wamesafiri kwa lori bila nauli.

Kopabeti alijifuta suruali polepole. Kule migodini, alisema, mabwana wakubwa hawapandi kitu kingine ila Landrova, na yeye kwa macho yake aliiona ikipanda rundo la mawe kama mbuzi.

— Tena haishiki kutu, bane, ndugu zangu, akaongeza. Bati lake ni bati la ndege. Vita vilipokwisha ndege zilibaki nyingi, wakazikunja, wakatengeneza Landrova.

— Basi hapo umeiharibu mwenyewe, alisema Gia Tatu. Mlima wa kwao Koplo una upepo. Bati la ndege likifika pale ukingoni si litakumbuka kwao?

Birika, aliyekuwa akipuliza mkaa, akaunga mkono kwamba jambo hilo linawezekana. Dawa yake ni kuweka mawe ndani, gari liwe zito. Kopabeti akauliza kama ni mawe, mgonjwa atapita wapi. Birika akasema mawe yatashushwa likifika hospitali, na wote wakaona hilo halikujibu kitu.

Gia Tatu akaja na hoja nyingine. Amesikia kwamba Landrova huvuta magurudumu yote manne, ya mbele na ya nyuma. Hilo lilimtisha kuliko bati.

— Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, alisema. Ya mbele yatataka kwenda Ileje, ya nyuma yatataka kurudi Mlowo. Injini iko katikati, masikini. Itapasuka.

— Awe, mukwai, hapana bwana, alisema Kopabeti. Umoja ni nguvu.

— Umoja wa wapi, na mmoja amempa mwenzake mgongo?

Birika alitaka kuwapatanisha. Akapendekeza Koplo anunue lori, na likifika kwenye mlima lifungwe ng'ombe wanne mbele, kwani wahenga wamesema haba na haba hujaza kibaba. Hezron akacheka kidogo. Hakuwa na haraka na watu hawa. Alijua mchele wa kijiweni unakuja na pumba zake, kazi yako ni kupepeta.

Walipochoka, akaweka kikombe chini akawaeleza alichokwisha kukifanya. Alichukua fimbo, akapima upana wa magurudumu ya lori kule kwa mzungu. Kisha akapanda nayo hadi kwao, akiilaza njiani kila penye shaka. Njia ile waliichimba wao wenyewe kwa majembe, wakaipitisha kando ya lile jabali ambalo hakuna aliyeweza kulivunja. Pale kwenye jabali fimbo ilitokeza nje, hewani. Tena udongo wa pale ni mwekundu, ukilowa ni sabuni. Burma aliona malori makubwa yakizama kwenye udongo wa namna hiyo hadi kwenye milango, na madereva wake wakilia kama watoto. Landrova nayo aliipima. Ilipita, ikabakiza upana wa kiganja.

Gia Tatu aliitazama fimbo ile ikiegemea ukuta, ina alama mbili za kisu, akakubali kwa shingo upande.

— Haya. Mchagua jembe si mkulima, basi wewe chukua hilohilo la ndege.

Kopabeti akampa mkono Hezron kama vile yeye ndiye muuzaji. Birika akamimina duru nyingine na kusema hii ni ya Landrova. Hezron alijisikia mwepesi, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea tangu machela ile. Aliiona safari yote. Aliona jabali likipita taratibu upande wa kushoto, na mto ukivukwa maji yakiwa magotini mwa gari, na hospitali, na manesi wakitoka. Furaha ilimjaa hadi akaona haya, akainamia kikombe.

Hapo ndipo alipofika Jenista, na mkungu wa ndizi kichwani. Alitokea Ileje, ameteremka kuuza, na kwa Hezron hakuwa mgeni, kwa kuwa ni shangazi wa mke wa Lwitiko. Kijiweni hapo, lakini, hajawahi kuketi. Aliwasalimu akiwa amepiga goti kidogo, akamuuliza Hezron habari za nyumbani, Hezron naye akampisha mwisho wa ubao. Birika akampa kikombe, akakionja, akakunja uso, akaendelea kukishika kwa adabu.

Walimweleza kwa pamoja, kila mmoja akimkatisha mwenzake. Wakamweleza fimbo, jabali, bati la ndege. Jenista alisikiliza hadi mwisho. Akaridhika, akamshukuru Hezron kwa kumfikiria binti yao. Halafu akauliza, kwa sauti ileile aliyoulizia habari za nyumbani:

— Na mwendeshaji ni nani?

— Ni Koplo mwenyewe, alisema Gia Tatu. Kule mlimani nani mwingine anajua?

— Lwitiko yuko migodini.

— Ndiyo, yuko migodini.

— Basi Tulinagwe wetu atakaa wapi?

Loo. Ungeona watu walivyotazama chini. Kwanza, jina la mkamwana limetajwa mbele ya baba mkwe, na yeye hajawahi kulitamka tangu aolewe. Pili, swali lenyewe. Hakuna hata mmoja pale ubaoni aliyekuwa haijui mila ya milimani. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Wakikutana njiani yeye huacha njia na kuingia majanini, hawakai chini ya paa moja, hawaitani majina. Asubuhi nzima wamepima springi, wamepima jabali, wamempa gari mgonjwa na dereva, na wasikumbuke kwamba wawili hao ndio hasa wasioweza kupanda gari moja.

Gia Tatu alijaribu. Akae nyuma. Jenista akauliza nyuma kuna nini, na Hezron ikambidi aseme kweli kwamba kuna bati tupu, na kwenye mawe yale bati humtupa mtu mzima mwenye afya, sembuse mwenye tumbo. Tena turubai ni moja, mbele na nyuma, na kati hakuna ukuta. Paa moja. Kopabeti akasema wafunge shuka katikati ya viti vya mbele. Birika akakumbusha kwamba gia iko hapohapo katikati, mkono wa Koplo utakuwa unaingia na kutoka kwenye shuka, na hilo ni baya kuliko kuonana. Mmoja akasema afunikwe blanketi kichwani. Mwingine akasema afunikwe Koplo. Wakaona walichosema, wakaacha. Lori lilikuwa na ukuta wake nyuma ya kiti cha dereva na lingewatenga vizuri kabisa, lakini fimbo yenye alama mbili ilikuwa bado imeegemea ukutani.

Swali likabaki pale ubaoni limekaa na wao. Birika akainua birika lake kuwaongezea, likatoa machicha. Kahawa imekwisha.

Hezron hakuwatazama. Aliwaza jinsi anavyomjua yule mtoto wa watu. Anajua ugali wake, anaoukuta umefunikwa barazani na yeye keshaondoka. Anajua kikohozi anachokohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, ili mzee ajue ageukie wapi. Kanisani anajua sauti yake upande wa kina mama, tangu mwaka jana imeshuka na haijapanda tena. Uso haujui. Na siku ya machela, wabebaji walipokaa kupumzika, yeye mwenye nguvu zake alisimama nyuma ya matete na mila yake, wote wawili salama. Ilimuuma siku ile, na sasa ikamuuma zaidi. Aliiheshimu mila. Baba yake aliiheshimu, naye angependa kuzikwa kama mtu aliyeiheshimu. Lakini alijiona tena amesimama kwenye matete, safari hii na Landrova.

— Shangazi, alisema.

— Abee.

— Ukirudi mwambie Tulinagwe atakaa mbele.

Alilitamka taratibu, kama mtu anayekanyaga daraja asilolijua. Kopabeti alifungua kinywa, Gia Tatu akamkanyaga mguu. Hezron akaendelea. Kile kioo cha ndani, cha dereva kutazamia nyuma, atakifungua na kumpa mzungu abaki nacho. Viti vya mbele ni vitatu, shangazi atakaa kati yao. Na njia ile, kutoka kwenye jabali hadi mtoni, haimpi dereva nafasi ya kutazama pembeni hata kama pembeni ameketi malaika. Ikiwa wazee wana neno, watamkuta nyumbani, mtoto akishazaliwa. Ng'ombe wa kuwaomba radhi yupo.

Jenista alikiweka chini kikombe ambacho hakukimaliza. Alijitwisha ndizi zake, akasimama, akasita.

— Nitamfikishia, baba. Lakini ataniuliza nani kasema. Na mimi nikimtaja baba mkwe, hatapanda. Namjua. Atajifungulia njiani kuliko kukukosea heshima.

Hilo nalo hakuna aliyelifikiria. Hezron aliichukua fimbo yake ukutani, akapitisha kidole gumba kwenye zile alama mbili.

— Mwambie kasema dereva.