Mwalimu Doto na Vitabu Saba vya Mkewe

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwinjilisti Doto Faraji Matimbwa alizaliwa Nyamwage tarehe 14 Machi 1958, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akaenda chuo cha Biblia, na mwaka 1984 akaanza utumishi katika usharika wetu hapa Kibiti.

Tarehe 7 Juni 1986 alifunga ndoa na Johari, Mkatoliki wa Mchukwi, aliyeingia nyumbani na Biblia ya kwao yenye vitabu saba ambavyo yetu haina, wakajaliwa watoto wawili, Tatu na Sijaona.

Agosti 2011 alipita mhubiri mgeni, akafundisha kwamba vitabu vya Biblia vilipigiwa kura na mfalme na maaskofu wake kwenye mkutano wa kale kule Nikea, na kwamba vile saba vilipenyezwa baadaye, basi Jumapili iliyofuata moto ukawashwa nyuma ya kanisa, na mzee wa kanisa Mbonde akamtaka Doto alete Biblia ya mkewe ichomwe.

Doto, ambaye mwenyewe hakuwahi kuhubiri kutoka vitabu hivyo, alisimama mbele ya moto, akasema, "Nikea hawakupiga kura ya vitabu, wazee wangu. Makanisa yalivisoma miaka mingi kabla ya orodha ya vitabu kuandikwa, na orodha zenyewe zilitofautiana. Hata Biblia za Waprotestanti wa kwanza zilikuwa na hivi saba, vimewekwa katika sehemu ya peke yake."

"Mwalimu, chagua," Mbonde alimwambia, "mkeo au madhabahu."

"Siombwi kuchagua kati ya mke na madhabahu, mzee. Naombwa kukubali uongo."

Alivua joho, akalikunja, akaliweka kwenye benchi, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakupewa tena mimbari, akawa analima mihogo na kufundisha watu wazima kusoma barazani kwake, Wakristo kwa Waislamu.

Mwaka jana alipooza upande mmoja, akatibiwa hospitali ya Mchukwi, akafariki juzi alfajiri, na mpaka jana jioni hatukujua kama usharika utamzika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani zetu Mwantumu na Khamisi waliomuuguza kama ndugu yao, na wanafunzi wake wa barazani.

Mzee Mbonde alikuja jana usiku ukiingia, akasimama nje ya uzio, akasema usharika utamzika, akauliza kama anaruhusiwa kubeba jeneza. Mjane, sote tukimtazama, alimwambia, "Shika upande wa mbele, kaka."

Mwalimu Doto, lala kwa amani ya Bwana wako.