Maiki Moja ya Mama Zamu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika ukumbi wa midahalo wa chuo chetu, msimamizi wa ukumbi huo, ambaye sote tunamwita Mama Zamu, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya jarida imenipa mimi, fundi umeme, kazi ya kumwandika. Sijui walikosa mwandishi, au walikumbuka kwamba nimekunywa chai yake miaka ishirini na minne bila kuleta hata kijiko cha sukari.

Alianza kama mfagiaji. Katika miaka sita alikuwa ameshakabidhiwa funguo, na ukumbi aliujua kuliko walioujenga: kiti kinacholia kwenye safu ya saba, dirisha lisilofungika bila kupigwa bega, mhadhiri asiyemaliza hotuba mpaka asikie funguo zikichezwa mlangoni. Kila msemaji alikuta glasi ya maji imefunikwa kwa kisahani. Hata wale ambao Mama Zamu hakuwapenda, na hakuwa mtu wa kuficha asiowapenda, walipata glasi ile ile na kisahani kile kile.

Jina la Mama Zamu lilitokana na maiki, na hapa sina budi kukiri kosa langu. Zamani ukumbi ulikuwa na maiki mbili, moja kila upande, na wanafunzi wakipandwa na hasira walizisemea zote kwa pamoja mpaka hujui nani kasema nini. Miaka ishirini iliyopita nilizifungua kuzisafisha, nikalehemu waya mahali pasipo pake. Tangu hapo, ukiwasha moja, nyingine inakufa. Nilijaza fomu ya matengenezo huku nimeinamisha uso. Mama Zamu akaichukua, akaikunja, akaiweka chini ya birika, akaniambia, “Acha hivyo hivyo. Leo umetengeneza kweli.” Fomu ile haijafika popote hadi leo. Mkuu wangu wa kazi akisoma hapa, naomba anihurumie.

Maiki ilipobaki moja, akawa anaibeba mwenyewe, akiivuta na waya wake mrefu kati ya viti, akimfikishia kila mtu kwa zamu yake. Na akaweka kanuni: anayetaka kumpinga mwenzake aeleze kwanza mwenzake amesema nini, na mwenzake aitikie kwa kichwa kwamba ndicho alichosema. Akitikisa kichwa, unaeleza upya. Ukifaulu, dakika tatu ni zako. Profesa mmoja, ambaye vitabu vyake vinajaza rafu nzima maktabani, alijaribu mara tano kueleza hoja ya msichana wa mwaka wa kwanza, na jasho lilimtoka kama yuko kwenye usaili. Wiki iliyofuata alirudi, akakaa safu ya mbele.

Mambo yalikuja kuwa magumu katika mwaka wake wa ishirini na mbili. Klabu ya midahalo ilimwalika mwanasheria aliyetaka chama cha wanafunzi kifutwe. Wanafunzi wakaapa kwamba hatafungua mdomo. Aliyewaongoza alikuwa katibu wa chama, na katibu huyo alikuwa kitinda mimba wa Mama Zamu. Asubuhi ya mdahalo, ofisi ya utawala ikatuma maagizo: Mama Zamu afunge ukumbi na aseme umeme umekatika, na mimi nizime swichi kuu ili uongo usimame. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huo huo. Alinifuata kwenye chumba cha swichi. “Umeme upo,” akasema, “na mimi siwezi kusema haupo. Wewe fanya utakaloweza.” Nilikaa pale saa nzima, mkono juu ya swichi, na sikuizima.

Mlangoni aliwaambia wanafunzi kwamba anayetaka kupiga kelele ana uwanja mzima huko nje, na anayetaka kupinga aingie apange foleni. Kijana wake akaingia, akawa wa saba. Ilipofika zamu yake, mama alimshikia maiki kwa mikono miwili kwa sababu mikono yake mwenyewe mama ilikuwa inatetemeka. Kijana akaeleza hoja ya mgeni. Mgeni akatikisa kichwa. Akaeleza tena, kichwa kikatikiswa tena. Mama hakumsaidia hata kwa kope. Mara ya tatu mgeni akaitikia, na kijana akapata dakika zake tatu. Kisha mgeni naye alipotaka kumjibu, akakosea mara ya kwanza. Hakuna aliyebadili msimamo siku ile. Mgeni alimaliza maji yake, akatoka kwa mlango wa mbele bila kuguswa na mtu.

Siku mbili baadaye Mama Zamu alipata barua ya onyo, na mkataba ukaongezwa mwaka mmoja badala ya mitatu. Nyumbani, kijana wake alimjibu “ndiyo” na “hapana” tu kwa wiki tatu. Mama aliniambia barua haikumuuma sana, ila zile wiki tatu. Mwaka uliofuata chama cha wanafunzi kiliomba kanuni yake itumike katika kumbi zote nne za chuo, na barua ya ombi iliandikwa na katibu yule yule. Utawala ukakubali, na mkataba wake ukarudi kuwa wa miaka mitatu.

Kwa kanuni hiyo hiyo, nilimpelekea maandishi haya kabla hayajachapwa. Mara ya kwanza niliandika kwamba siku ile hakuogopa kitu. Akatikisa kichwa, ndiyo maana mmesoma habari ya mikono kutetemeka. Mara ya pili niliandika kwamba kijana wake alileta utoto. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu zaidi, akaniagiza niandike alichosema kijana siku ile. Nilikuwa nimesahau, ikabidi nimpigie kijana simu. Alisema hivi: mtu anayetaka wanafunzi wasiwe na pa kusemea asipewe pa kusemea na wanafunzi, kwa sababu akishinda leo, kesho hakuna pa kumjibia. Mimi sikubaliani naye mpaka leo. Lakini hicho ndicho alichosema, na kwenye simu alithibitisha.

Jana nilipeleka mara ya tatu. Mama Zamu akasoma polepole, akaitikia kwa kichwa.

Asante, mama, kwa yote, na chai pia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wanaosubiri zamu zao. Kuna jambo moja nimeligundua nikiandika: miaka ishirini umeibeba maiki ile, na hujawahi kuisemea hata mara moja. Ijumaa saa nne asubuhi itakuwa mezani, imewashwa, na sote tutakuwa kimya. Zamu ni yako.