Gobole Lililokuwa Juu ya Jiko Langu

Baba Padri, ndugu, majirani, na nyinyi maofisa wa wilaya na wa polisi mliotoka Kilwa Masoko, ukoo umenipa mimi Kastori, mdogo wake marehemu, nisome haya, nami nilikataa mara mbili, mtaelewa mbele ni kwa nini.

Dada yetu Scholastica alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968 hapa Namatale, wa kwanza kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari na chuo, na mwaka 1991 akaajiriwa Kilwa Masoko kama ofisa maendeleo ya jamii. Alifunga ndoa na Bwana Alois tarehe 4 Juni 1994, wakajaliwa watoto wawili, Grace na Fidelis, na Bwana Alois alitutoka mwaka 2015.

Mwaka 2022 ilitangazwa miezi miwili ya kusalimisha silaha bila kushtakiwa, kamati ya kijiji, wanaume watupu, ikapita kuwauliza wakuu wa kaya barazani, na kila mmoja, nikiwemo mimi, alisema hana, ilhali magobole, bunduki za kienyeji, hapa kwetu tunayaficha darini juu ya jiko, moshi uyakaushe, mahali anapopanda mwanamke tu kutoa kuni. Dada hakukubali, akachukua makubaliano ya kimataifa ya silaha ndogo ambayo nchi yetu ilitia saini, na azimio la Umoja wa Mataifa la kuwashirikisha wanawake katika mambo ya amani, akazunguka nayo ofisi kwa ofisi akiwasomea wakubwa, hadi wakamruhusu aketi na akina mama peke yao, bila jina la msemaji kuandikwa. Yalipatikana magobole kumi na moja. La kumi na mbili lililotajwa lilikuwa langu, nikawahi kulihamishia shambani kabla hawajaja kulitafuta.

Niliamini aliyenitaja ni mke wangu Cecilia, nikalirudisha gobole hilo nyumbani, nikamwelekezea jikoni kwake ili akiri, akakimbilia kwa dada, akaishi huko miaka miwili. Naona aibu kulisoma hili.

Saratani iligundulika Februari 2024, dada akatibiwa Lindi, kisha Dar es Salaam, akafariki nyumbani kwake tarehe 17 Septemba. Siku tatu kabla aliniita, akaniambia kuwa aliyenitaja ni yeye, alilionea darini siku ya arobaini ya mama, na Cecilia alilijua hilo akanyamaza naye, maana wangenitajia mimi mmoja aliyenisema, kila mume kijijini angedai atajiwe aliyemsema yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, wafanyakazi wenzake, na Cecilia aliyemuuguza wakati mimi nimenuna.

Maofisa, muda wa msamaha umepita, najua. Gobole liko ndani ya gunia lile karibu na mlango, halina baruti, na tukitoka makaburini nitapanda gari lenu, naomba tu mniache nimtupie dada udongo kwanza. Funguo za nyumba nimeshampa Cecilia.

Lala salama, dada yangu.