Mluzi wa Upande wa Kushoto

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, familia imemtuma dada yake mkubwa awasomee maisha ya marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sikio, naye anaomba mumvumilie, kwa sababu hatasoma mazuri peke yake, na hivyo ndivyo marehemu mwenyewe alivyoagiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 7 Juni 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiwa karani wa dirisha la vifurushi na mama fundi cherehani, na jina la Sikio alilipata kabla hajaanza shule, pale alipokuwa akicheza chini ya meza ya mama akasema cherehani inalia vibaya, mama akampuuza, na baada ya siku mbili cherehani ikakwama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, na sekondari kuanzia 1983 hadi 1986, ambako hesabu zilimpiga chenga kidogo, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme na redio mwaka 1990, na tarehe 4 Februari 1991 akaajiriwa katika kituo cha redio, chumba cha ufundi, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na ngazi.

Mwaka 2006 kanda ziliondoka, kompyuta zikaingia, na waandishi wakaanza kumletea mahojiano yaliyobanwa ili yawe madogo, yakabanwa tena kwa kutumwa kwa simu, yakafika yakisikika kama mtu anaongea ndani ya ndoo, na wengine wakidhani kwamba ukiligeuza faili dogo kuwa kubwa sauti iliyopotea itarudi, jambo lililompandisha hasira kuliko yote, maana alishachoka kuwaambia wamletee rekodi ya kwanza kabisa. Mafundi wote waliopita mikononi mwake aliwafundisha utaratibu mmoja, tazama mchoro wa sauti kwenye skrini uone kama vilele vimekatwa kwa sauti kuzidi kipimo, sikiliza kwa hedfoni, kisha zigeuze, ya kushoto ikae sikio la kulia, kelele ikihamia upande wa pili basi ubovu uko kwenye faili au kwenye vyombo, ikibaki palepale achana na faili ukamwone daktari, na hapo kila mtu alikuwa akicheka.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996 na msomaji wa taarifa ya habari, ambaye siku ya kwanza kukutana alimwambia kwamba herufi yake ya “s” inapiga miluzi, dada wa watu akamnunia wiki nzima, na wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 23 Septemba 1999.

Tarehe 11 Machi 2021, akisikiliza taarifa ya asubuhi kabla haijaenda hewani, marehemu alisikia mluzi mwembamba upande wa kushoto, akausikia tena kwenye tangazo la sabuni, tena kwenye kipindi cha afya, tena kwenye rekodi za miaka ya nyuma, akabadilisha nyaya, akabadilisha kompyuta, akabadilisha hedfoni tatu, na mluzi haukuondoka. Hakuna mwingine aliyeusikia, lakini kwa miaka thelathini Sikio alikuwa amesikia yasiyosikika na akawa sahihi, basi nani angethubutu kumwambia hakuna kitu, fundi msaidizi akasema anausikia kwa mbali, mtangazaji wa mchana akasema unamkera, mkurugenzi mwenyewe akautaja kikaoni, hata kituo kizima kikawa kinauogopa mluzi ambao haukuwepo.

Lawama zilimwangukia mtunza maktaba ya sauti, mama aliyezihifadhi rekodi zile kwa miaka kumi na tisa, ambaye katika kikao cha tarehe 16 Julai 2021 marehemu alimshutumu mbele ya wote kwamba amezibana rekodi za asili na kuzifuta zile za kwanza, yule mama akajibu kwa upole kwamba hajagusa kitu, na wiki iliyofuata akahamishiwa langoni kuandika majina ya wageni.

Nyumbani mkewe aliona kwamba mume amehama upande wa kitanda, mezani anachagua kiti ambacho watu wote watakuwa kuliani kwake, na akitembea anapapasa ukuta huku akidai fundi aliyeweka sakafu alilipua kazi, lakini akiulizwa alisema ni uchovu tu wa kutafuta ubovu wa mafaili.

Tarehe 30 Oktoba 2023 alianguka kwenye ngazi za kituo akakimbizwa hospitali, na binti yake, akikusanya vitu vya baba mezani, alikuta daftari lake la hitilafu, ambamo tarehe 2 Agosti 2021 alikuwa ameandika, nimegeuza hedfoni, mluzi umebaki kushoto, na wiki iliyofuata, nimegeuza, umebaki, na iliyofuata tena vivyo hivyo, jumla mara sitini na nne, mwandiko ukizidi kuinama, na chini ya kila mstari jina la faili alilolihukumu kuwa bovu. Alijua, ndugu zangu, na aliogopa kwamba Sikio asiyesikia si mtu tena, akaficha, na dada yake amemkasirikia kwa hilo na hasira bado haijaisha.

Madaktari waliona uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kushoto, uliokwisha kuugandamiza ubongo, wakasema angewahi mwaka ule wa kwanza ungekuwa kama punje ya mbaazi, wakampasua tarehe 22 Novemba 2023, lakini hali haikurudi, na tarehe 19 Februari 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wa kituo waliochukua zamu zake bila kulalamika. Mtunza maktaba ya sauti, tunakuona umekaa kule nyuma, marehemu alitaka kukuita ukiwa peke yako akashindwa, akaagiza tukwambie mbele ya watu walewale waliokusikia ukishutumiwa, kabla hajafunikwa, kwamba rekodi zako zilikuwa safi, zote, tangu siku ya kwanza, na anakuomba msamaha.

Mdogo wangu, pumzika sasa kwa amani.