Zadock Amugune, Fundi wa Kopo la Ushirika

Tumekuja kumuaga kaka yangu hapa Dubai kabla hajasafirishwa nyumbani. Zadock Kisia Amugune alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971, Chavakali, Kaunti ya Vihiga, wa tatu kati ya watoto sita. Mimi Peninah ndiye kitindamimba, kwa hivyo ya mwanzo nimesimuliwa tu.

Alisoma hapo hapo Chavakali, kisha akajifunza kazi za chuma Kisumu hadi mwaka 1992. Mama alimpa sufuria zilizotoboka, na zikirudi jikoni hatukujua ni ipi iliyozibwa.

Tarehe 11 Desemba 1999 alimuoa Damaris. Alifika Dubai tarehe 3 Machi 2009, akawa mlinzi Jumeirah Lake Towers. Miaka miwili baadaye Mzee Thuwein, Mzanzibari mwenye karakana ya vyombo vya kale vya fedha pale Al Muraqqabat, alimchukua na kuwa kafeel wake, yaani mdhamini wa viza yake.

Sasa niseme habari ya kopo, maana wengi mmeisikia nusu nusu. Mwaka 2019 lililetwa kopo kubwa la fedha kutoka Marekani, lenye umri wa karibu miaka mia tatu. Enzi hizo mjane mmoja alilitoa kwa kanisa lake litumike kwenye Ushirika Mtakatifu. Miaka mia baadaye kanisa lililitoboa ubavuni na kulitia mdomo, ili divai imiminike vizuri. Mfanyabiashara aliyelileta alitaka mdomo uondolewe na tundu lizibwe, lionekane kama lilivyotengenezwa. Zadock aliziba, na hata Mzee Thuwein hakuona kiraka.

Baadaye madam aliyelinunua alilileta lisuguliwe, akijisifu kwamba halijaguswa tangu litengenezwe. Zadock alijua viza yake iko mkononi mwa Mzee Thuwein, aliyesimama kando yake.

“Samahani, madam, limeguswa,” alisema. “Hapa palikuwa na mdomo. Niliuondoa mimi, na bado ninao.”

Madam alipotoka, Mzee Thuwein alimwambia, “Khalas, Zadock. Nenda zako.”

Damaris akaanza kufunga masanduku. Nami sifichi, nilimkasirikia sana. Nilimuuliza huo ukweli wake utamlisha nani. Siku ya tisa Mzee Thuwein alibisha hodi nyumbani kwao. Madam alitaka mdomo urudishwe, kwa kuwa waliokunywa humo ndio waliouweka. “Nimekukosea, bwana. Rudi kazini,” Mzee alisema. Zadock aliurudisha mwenyewe, na kiungo akakiacha kionekane.

Aliugua ini tangu Julai 2024. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka 53.

Ameacha mke wake Damaris, watoto wao Clifford na Erisa, mimi, na ndugu zetu wanne. Nilipokuwa nikiandika wasifu huu nilimsomea Mzee Thuwein kwa simu. Nilikuwa nimeandika tu kwamba mwajiri wake alimpenda.

“Andika pia kwamba nilimfukuza,” aliniambia. “Yeye asingekubali uliache hilo.”

Basi nimeandika, naye Mzee ameketi hapo mbele pamoja na familia. Mungu ampokee fundi wetu, ampe pumziko lenye amani.